Misuli kuuma si kipimo cha mazoezi mazuri

Gym nyingi utasikia: "Kama kesho huumwi, leo hukufanya kitu." Si kweli, na imani hii inaumiza watu bure.

Maumivu yanayoanza saa kadhaa baada ya mazoezi na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72 yanaonyesha zaidi ugeni wa kazi kuliko ubora wake. Mwangalie anayeshuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka, kutoka Uhuru, mita 5,895, hadi lango lililo chini ya mita 1,700. Kupanda ndiko kulikomkata pumzi, lakini mapaja yanamuuma kwa sababu ya kushuka. Kwenye mteremko, kila hatua misuli ya mbele ya paja hukaza huku ikivutwa kurefuka, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochubua nyuzi zake. Asidi ya laktiki, ambayo misuli hutoa ikifanya kazi nzito na ambayo kila siku husingiziwa kuleta maumivu haya, huwa imeshaondoka ndani ya saa moja hivi.

Rudia zoezi lilelile baada ya wiki, maumivu yatapungua sana. Misuli imezoea, haijaacha kujengeka. Maendeleo yaangalie kwenye daftari lako: uzito unaobeba, marudio unayomaliza.

Na tafadhali sana, misuli ikivimba na mkojo ukawa na rangi nzito kama chai ya rangi, usijisifu kwamba umefanya kazi. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Misuli iliyovunjika kiasi hicho inaweza kuharibu figo.