Gramu 3 za ndege na bahari mbele yake

Juzi nimetupia klipu kwenye grupu la familia, kidege kimesimama hewani mbele ya ua kama kimening'inizwa kwa uzi, mjomba wa Tanga akajibu fasta "si chozi huyo, huku wamejaa kwenye migomba". Shikamoo mjomba, hujakosea sana ila umekosea. Chozi wa kwetu na huyu wa kwenye klipu, hamingbadi, hawana undugu wa karibu, wameishia kufanana midomo mirefu na manyoya ya kumetameta kwa sababu wote wanaishi kwa nekta, yale maji matamu ya mauani, lakini chozi mara nyingi anatua ndo anywe, mwenzake anakunywa huku anaelea. Na hamingbadi wa porini siku hizi yuko Amerika tu, ya kaskazini na ya kusini, hata uzunguke Usambara mwaka mzima humpati.

Kazi yangu ni kuwavisha hawa ndege pete za utambulisho miguuni, pwani ya Alabama huku Marekani, na ninayemshika zaidi ni yule wa koo jekundu, Archilochus colubris. Ana gramu 3 hivi, kijiko cha chai kikijaa sukari kinamzidi uzito. Sasa hicho kidude kinazalia mashariki ya Marekani na kusini mwa Canada, baridi ikija kinakwenda kukaa Mexico ya kusini mpaka huko Panama, wengine wanazunguka kupitia Texas na wengine wanakata Ghuba ya Mexico moja kwa moja, kama kilomita 800 usiku na mchana hakuna pa kutua. Zamani watu waliamini anadandia mgongoni kwa bata bukini, na kwa kweli siwalaumu.

Anavyoweza ni mafuta. Kiswahili kimenirahisishia hapa maana mafuta ya gari na mafuta ya mwilini tunayaita jina moja, na kwa huyu ndege ni kitu kimoja kabisa. Mabawa yanapiga kama mara 50 kwa sekunde, moyo ukichanganya unapita mapigo 1,000 kwa dakika, injini ya namna hiyo inabugia wese balaa. Ndo maana kutwa yuko mauani. Ulimi wake umegawanyika mara mbili kwenye ncha, na vitabu vya zamani vilisema nekta inapanda yenyewe kama mafuta ya taa kwenye utambi wa kibatari, mpaka 2011 Alejandro Rico-Guevara na Margaret Rubega walipoonyesha kwamba wapi, zile ncha zinafunguka zikiwa ndani ya nekta, zikitoka zinajifunga na kuinasa. Ulimi mwembamba kama uzi, unafanya hivyo zaidi ya mara 10 kwa sekunde! Sukari peke yake haijengi mwili lakini, kwa hiyo anakamata pia vijidudu na buibui, na ndege jike anamwibia buibui huyohuyo utando wa kufumia kiota, halafu anataga mayai mawili kama maharage na kulea peke yake, dume hata hasogei.

Usiku wa baridi, tanki likiwa chini, anajizima. Joto la mwili linashuka, moyo unarudi mapigo kama 50 tu kwa dakika, ukimwokota utasema kafa. Siku ya kwanza kumwona hivyo nilikuwa mwanafunzi, nikaanza kutafuta pa kumzika, jua likatoka akaanza kutetemeka, nikabaki mdomo wazi.

Kabla ya safari anakula mpaka uzito unakaribia mara mbili. Mafuta hayo sisi tunayapima hivi, unamshika kwa vidole viwili, unampuliza kifuani kwa mrija manyoya yaachane, ngozi yake ni nyembamba sana unaona mafuta ya njano yamejaa chini yake. Madume ndo wanatangulia, kuanzia mwisho wa mwezi wa 7, wakifuatiwa na majike, na watoto wa mwaka huo wanakuja nyuma, kila mmoja kivyake, hakuna kundi wala mzazi wa kuonyesha njia.

Mlioko huku mnaoniuliza inbox mchanganyiko wa kuwawekea kwenye kibuyu cha kuwanyweshea: sukari nyeupe kikombe 1 kwa maji vikombe 4, basi. Asali hapana, inaota ukungu, na rangi nyekundu ya dukani haina kazi. Kibuyu chako hakimzuii kusafiri, kinachomwambia aondoke ni mchana kufupika. Ila chungulia kama kuna vunjajungu amejificha pembeni, wale wakubwa wanamkamata na kumla kweli, sitanii.

Mwezi wa 9 uliopita nilimpima kinda mmoja wa mwaka huo, gramu 5 na ushee, kifua chote njano tupu, nikamwambia msaidizi wangu huyu leo hii anavuka. Nikafungua kiganja. Akakaa, anahema, nasikia mtetemo wake kwenye ngozi, sekunde kama 20 hivi, halafu akaruka. Sisi macho baharini, yeye kageuka nyuma kwenye kibuyu, kamfukuza mwenzake na kuanza kunywa tena.