Kubriji amplifaya ili ipige sabufa: yanayosemwa vijiweni na ukweli wake

Sabufa ya gari ikishaingizwa sebuleni, swali la kwanza ni hilo: chaneli mbili za amplifaya zitafungwaje zipige sabufa moja? Majibu yanayozunguka yameunguza vyombo vizuri, na huniuma kila nikifungua kifuniko nikakuta transista zimepasuka.

"Funga chanya na chanya, hasi na hasi, nguvu zijumlike." Hapana. Hapo umezigonganisha chaneli zenyewe kwa zenyewe. Ukinzani wa ndani wa kila chaneli ni sehemu ndogo sana ya omu moja, kwa hiyo volti zikipishana kidogo tu, mkondo mkubwa hutoka chaneli hii kwenda ile bila kufika kwenye sabufa.

"Omu zikiwa ndogo, dawa ni kubriji." Hii ndiyo inayoua amplifaya nyingi, na ni kinyume kabisa. Kubriji ni kuifunga sabufa kati ya chanya ya kushoto na chanya ya kulia, chaneli moja ikiwa imegeuziwa mawimbi: hii ikisukuma, ile inavuta. Volti zinakuwa maradufu, lakini kila chaneli inabebeshwa kama vile omu za sabufa zimekatwa nusu. Piga hesabu. Amplifaya ya wati 50 kwa omu 8 hutoa volti 20 na ampia 2.5 kwa kila chaneli. Ibriji kwenye sabufa ya omu 4: volti 40 gawanya kwa 4, ampia 10. Kwenye karatasi ni wati 400. Transfoma haikusukwa kwa mzigo huo, na transista zinadaiwa mkondo mara nne. Nyuma ya amplifaya ikiandikwa omu 4 kwa chaneli, ukibriji usishuke chini ya omu 8, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu.

"Koili mbili za omu 4 ni omu 2." Kwa sabufa yenye koili mbili, ni 2 ukizifunga sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi. Zifunge mfululizo, hasi ya koili ya kwanza kwenye chanya ya pili, upate 8, mzigo ambao amplifaya iliyoandikwa omu 4 kwa chaneli inaubeba ikibrijiwa. Mita ikisoma omu 3 na kitu kwenye koili ya omu 4, koili ni nzima.

"Kila amplifaya inabrijika." Isiyo na swichi ya briji iache. Mawimbi yasipogeuzwa, chanya zote mbili hupanda na kushuka pamoja, sabufa ikabaki kimya. Vibodi vya stereo vyenye chipu ya amplifaya iitwayo TPA3116D2 vimeshabrijiwa ndani: hasi ya kila chaneli inabeba mawimbi, si ardhi, kwa hiyo usiiunganishe na ardhi.

Chipu hiyohiyo, hata hivyo, inaweza kupangwa na mtengenezaji wa bodi ili nusu zake mbili zifuate wimbi moja na kusukuma sambamba. Ikipangwa hivyo, kwa volti 21 inatajwa kufikisha wati 100 kwenye omu 2, ingawa hapo sauti imeshaanza kukwaruza. Kwa sabufa ya omu ndogo nyumbani, bodi ya namna hiyo ndiyo ningenunua.