Chesisi ya mafiga matatu ni nini?

Chukua garimoshi la mfano, ondoa boila, ondoa kibanda cha dereva. Kinachobaki chini, yaani mbavu mbili za bati, ekseli na magurudumu, ndiyo chesisi. Fundi yeyote wa malori hapa Ngamiani, Tanga, anaijua, ila hii hukaa kiganjani. Huja ndani ya seti ya kujiundia ikiwa bati lililokwisha chorwa na kukatwa. Wewe unatoa kipande kimoja kimoja, unakunja, unalehemu.

Seti nyingi hutaka utie bushi, yaani vipete ambamo ekseli huzunguka, kwenye matundu ya mbavu, upitishe ekseli, basi. Hiyo ni chesisi ngumu. Juu ya kioo inateleza vizuri sana. Reli zangu lakini nimezilaza juu ya ubao uliotoka kitandani, na masika ya Tanga hayana huruma na ubao: umebenuka. Garimoshi langu la kwanza, la magurudumu sita, lilikuwa likifika kwenye kiungo kimoja linazimika. Nikiligusa kwa kidole linaondoka. Nililaumu mota wiki nzima, mpaka nilipoinama jicho likawa sawa na reli, nikapitisha karatasi chini ya gurudumu la mbele. Ikapita.

Modeli hizi hula umeme wa volti 12 kutoka kwenye reli, chanya upande huu, hasi upande ule, na magurudumu ndiyo yanayouchota. Gurudumu lililo hewani halichoti kitu.

Dawa anaijua kila anayepika kwa kuni. Meza ya miguu minne hutikisika kwenye sakafu mbovu. Chungu juu ya mafiga matatu hutulia. Basi ekseli ya nyuma, inayozungushwa na mota, ibaki imekazwa: magurudumu yake ni mafiga mawili. Ekseli mbili za mbele ziachiwe zicheze juu na chini ndani ya mianya ya mbavu, na katikati yake ulazwe mhimili wa shaba, mfano wa mti wa mizani. Msumari unaoushika mti huo ndio figa la tatu. Ekseli moja ikipanda, mti unainama na kuikandamiza ya pili ishike reli. Nusu milimita ya kucheza inatosha.

Wengi hukwamia kwenye fito zinazounganisha magurudumu. Ufito wa kipande kimoja hauwezi kufuata ekseli zinazopanda na kushuka; ukate, uutie bawaba kwenye pini ya gurudumu la katikati, yaani kijiti kinachoushika ufito kwenye gurudumu. Umbali wa matundu yake uwe sawasawa na ule wa ekseli, na pini za kulia zitangulie za kushoto kwa robo duara, nyuzi 90, kwenye kila ekseli. Ekseli moja ikikosea kidogo tu, chesisi itachechemea. Hapo kusugua kwa tupa hakusaidii. Ng'oa gurudumu, lipange upya.

Kujaribu, weka kipande cha kadi ya vocha chini ya gurudumu moja la mbele, kisha pitisha karatasi chini ya yale mengine. Yangu sasa inang'ang'ania kote. Ubao bado umebenuka vilevile.