Kuandamwa mtandaoni ni nini, na ufanyeje ukiandamwa

Mtu akikutukana mara moja kwenye Facebook, hilo ni tusi. Linauma, lakini bado si kuandamwa. Kuandamwa ni mwenendo: mtu yuleyule, au kundi alilolituma, anakurudia kwa jumbe, simu, picha na akaunti bandia ilhali umeshamwambia huna haja naye, hadi unaanza kupanga siku yako kwa kumhofia. Ujumbe mmoja ukiusoma peke yake waweza kuonekana wa kawaida kabisa. "Leo umependeza na dira la kijani" si tusi. Lakini kama umelivaa asubuhi hiyohiyo, hukujipiga picha, na anayeandika ni mtu uliyemblock juzi akarudi kwa laini nyingine, maneno hayo ni kitisho.

Mombasa hili lina uzito wa aina yake, maana watu wanajuana. Chukua dada anayeuza madira Marikiti kwa WhatsApp: namba yake imeenea kila mahali kwa sababu ndiyo duka lenyewe. Kumwambia abadilishe laini ni kumwambia afunge biashara. Anayemwandama hahitaji ufundi wowote. Anaijua meza yake, anamjua kaka yake, na wote wamo kwenye kikundi kimoja cha harusi. Akifungiwa mlango huku, anatuma jumbe za "tafadhali nipigie" mchana kutwa, au anamwandikia shoga yake. Na nyumbani la kwanza atakaloambiwa ni, "Mwanangu, nyamaza, usijianike." Nia ni njema, sitara kwetu ni jambo kubwa, ila kimya cha namna hiyo humfaa zaidi anayeandama.

Kwa vile kosa lenyewe ni mwenendo, kazi yako kubwa ni kuufanya uonekane. Mjibu mara moja tu, kwa maneno makavu: "Sitaki mawasiliano nawe, usinitafute tena." Baada ya hapo usijibu kitu, hata tusi. Ukinyamazia jumbe ishirini kisha ukajibu wa ishirini na moja, umemfundisha asikate tamaa kabla ya kufika hapo.

Kabla ya kumblock, hifadhi. Piga skrinishoti zinazoonyesha namba au jina la akaunti, tarehe na saa. Kwa akaunti ya Facebook au TikTok nakili na anwani ya ukurasa, kwa kuwa jina hubadilishwa kwa dakika moja. Picha ya kutazamwa mara moja ipige kwa simu ya mtu mwingine. Kisha weka daftari: siku, saa, njia aliyotumia, alisema nini, nani mwingine aliona. Daftari linachosha, lakini ndilo litakalomwonyesha afisa wa polisi kwamba hizi si kelele za wapenzi waliokosana. Simu yenyewe usiifute wala kuiuza, kwa sababu mahakamani karatasi zilizochapishwa huhitaji cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachoeleza zilitoka kwenye kifaa gani na kwa njia gani.

Kisheria, kifungu cha 27 cha Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kinachohusu kusumbuliwa mtandaoni, kinagusa hata anayewasiliana na watu unaojuana nao, si wewe pekee. Adhabu iliyowekwa ni faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kifungu hicho kilirekebishwa Oktoba 2025, na mwezi huohuo Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda baadhi ya vipengele vyake, kwa hiyo muulize wakili vimefikia wapi. Mimi naona kilicho na faida zaidi kwa mwathiriwa si faini hiyo kubwa. Ni kwamba sheria hiyo iliruhusu kuomba amri ya mahakama ya kumkomesha mtu, ombi lisikilizwe ndani ya siku 14, mtu mwingine aweze kukuombea, na kampuni ya simu iamriwe kutaja mwenye laini. Wanaojificha nyuma ya namba ngeni hawalijui hili.

Ukienda kituoni, uwe ni Central, Makupa au Nyali, usiondoke bila namba ya OB, yaani namba ya ripoti yako katika kitabu cha matukio cha polisi. Ukitaka, omba dawati la jinsia, na nenda na mtu mzima unayemwamini. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, wana ofisi Mombasa na huwasaidia wanawake kisheria.

Limebaki jambo moja ambalo wengi hulipita. Anayekuandama akiwa mume, mchumba wa zamani au jamaa aliyewahi kushika simu yako, huenda hakufuati kwa nje, yumo ndani. Fungua WhatsApp, tazama vifaa vilivyounganishwa. Tazama kama akaunti yako ya Google imefunguliwa kwenye simu nyingine, na kama ulishamruhusu kuona mahali ulipo. Ukikuta kifaa usichokijua, kipige picha kwanza. Na kama ni mtu mwepesi wa kupiga, usikiondoe ukiwa naye nyumba moja, maana papo hapo atajua umegundua. Tumia simu ya mtu mwingine kupiga 1195, laini ya bure ya waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, mpange nao utakavyotoka. Kwa mtoto, namba ni 116.