Je, wajua kwa nini Tanzania ilihitaji sheria mpya ili kupata hifadhi ya bahari?

Mwaka 1975 Serikali ya Tanzania ilitangaza baadhi ya visiwa na miamba ya pwani yake kuwa maeneo tengefu, vikiwamo visiwa vya Mbudya na Bongoyo mbele ya Dar es Salaam, Kisiwa cha Maziwe karibu na Pangani, na Ghuba ya Chole pamoja na mwamba wa Tutia huko Kisiwa cha Mafia. Tangazo lilikuwapo, lakini boti za doria na askari wa kulisimamia hawakuwapo. Wavuvi wa baruti waliendelea kulipua miamba, na kule Mafia matumbawe yaliendelea kuchimbwa ili yachomwe kuwa chokaa, ingawa tumbawe gumu hukua kwa takribani sentimita moja tu kwa mwaka. Maziwe, iliyokuwa maarufu kwa kasa, ilipoteza miti yake yote katika miaka michache iliyofuata, na leo ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji yanapojaa. Mayai ambayo kasa bado hutaga hapo hulazimika kuhamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yasizame.

Wanasayansi na wahifadhi waliodai ulinzi wa kweli wa bahari wangeweza kuomba jambo lililoonekana rahisi, yaani Mafia iwe hifadhi ya taifa kama Serengeti. Kikwazo kilikuwa watu. Hifadhi ya taifa ya nchi kavu, kwa mujibu wa sheria zake, haina wakazi, na ndiyo maana Wamaasai waliondolewa Serengeti mwaka 1959. Mvuvi wa Chole au Juani, visiwa vidogo vya Mafia, angehamishiwa wapi? Mtu anaweza kupewa shamba lingine bara, lakini hawezi kupewa mwamba mwingine ambao anajua vina vyake, mikondo yake na majira ya changu wake.

Kenya ilikuwa imeshapita njia yake. Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, zilikuwa miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika, na ndani ya mipaka yake uvuvi umepigwa marufuku kabisa, huku eneo la akiba linalozizunguka likiachiwa uvuvi wa asili. Mpango huo unafaa pale ambapo eneo lililofungwa ni dogo na wavuvi wanakaa nje yake. Mafia ni kinyume chake, kwa kuwa vijiji vyenyewe vimo ndani.

Jibu lilikuja katika Sheria Na. 29 ya mwaka 1994 ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, inayotaka vijiji vinavyoitegemea bahari vishirikishwe katika kupanga na kusimamia hifadhi. Mwaka uliofuata, Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ikatangazwa kuwa ya kwanza nchini, ikiwa na kilomita za mraba 822 na zaidi ya aina 400 za samaki. Iliwekwa chini ya wizara inayohusika na uvuvi, si chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa. Maji yake yamegawanywa: kuna kitovu ambacho hakivuliwi, kuna eneo ambalo wakazi huvua kwa mishipi, madema na zana nyingine zinazoruhusiwa, na kuna eneo la matumizi ya jumla ambalo hata wageni huvua wakiwa na kibali. Kitovu hicho hakikuwekwa kwa ajili ya watalii pekee. Samaki wakubwa hutaga mayai mengi zaidi kuliko wadogo, na kwa kuwa bahari haina ua, mikondo huyasambaza mayai na vitoto hadi kwenye miamba inayovuliwa.

Hata hivyo, kushirikishwa katika sheria na kushirikishwa kijijini si jambo moja. Wakazi wa Jibondo, kisiwa cha mawe ambacho hakina udongo wa kutosha kwa kilimo, walikuwa miongoni mwa waliopinga vikali masharti ya nyavu, nami naona walikuwa na hoja, kwa sababu nyavu mbadala na mgawo wa ada za watalii havilingani na chakula cha kila siku.

Hifadhi nyingine zilifuata kwa sheria hiyohiyo: Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000, kisha Silikanti ya Tanga, yenye jina la samaki adimu wa kale, mwaka 2009. Saadani, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, inagusa Bahari ya Hindi, lakini msingi wake ni ule wa nchi kavu.

Suala la mipaka nalo halijaisha. Hifadhi ya Mafia ilichorwa kufuata miamba ya kusini na mashariki, ilhali papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani na anayewavuta wageni wengi kisiwani, hujilisha upande wa magharibi mbele ya Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, kati ya nyavu za wavuvi wa dagaa, nje kabisa ya mstari huo.