Mandhari ya jukwaani: mahali, safari na mpaka katika thieta

Mandhari ya tamthilia ni mahali na wakati tukio linapotokea. Kwa anayesoma kitabu maana hiyo inatosha. Anayeketi mbele ya jukwaa ana kazi zaidi, kwani anatazama mahali pawili kwa wakati mmoja: mbao zilizo mbele ya macho yake, na pwani au jumba au gereza ambalo mbao hizo zimekubaliwa kuwa. Neno la kushika ni hilo la kukubaliwa. Mandhari ya jukwaani ni mapatano kati ya mwigizaji na hadhira, na yakivunjika hata mlima wa kuchorwa vizuri namna gani hubaki kitambaa.

Wengi hudhani mandhari ni kazi ya fundi wa mapambo na taa. Mapambo yanasaidia, lakini mara nyingi mahali huzaliwa kwa neno tu. Katika Twelfth Night ya Shakespeare, Viola ameponea chupuchupu kwenye ajali ya meli. Anauliza hii ni nchi gani, nahodha anamjibu ni Illyria. Basi, tumeshafika. Thieta za wazi za London wakati ule zilionyesha michezo mchana, bila mandhari ya kuchorwa nyuma ya waigizaji, hivyo maneno ndiyo yaliyobeba mzigo wote. Katika Henry V, ya mwaka 1599 hivi, msimulizi huwaomba watazamaji waziwazi: farasi wakitajwa, wawaone wakikanyaga ardhi. Kisha anawavusha bahari kutoka Southampton hadi Ufaransa, nao wako palepale walipokuwa.

Si kila mtu aliliamini jambo hilo. Ufaransa katika karne ya 17, wahakiki walishikilia kwamba tamthilia nzima itokee mahali pamoja, kwa hoja kwamba mtu aliyekaa kiti kimoja hawezi kusadiki kuwa amesafiri. Le Cid, tamthilia ya Mfaransa Corneille ya mwaka 1637, ilishambuliwa pamoja na mambo mengine kwa kuilegeza kanuni hiyo. Kwangu mimi, wahakiki wale walimdharau mtazamaji. Mtu anayekubali kwamba mwigizaji fulani ni mfalme ameshakubali jambo kubwa zaidi ya safari.

Nayo safari ina mbinu zake. Jukwaa ni dogo, halina pa kwenda, kwa hiyo masafa lazima yageuzwe kuwa kitu kingine. Katika thieta ya Noh ya Japani, msafiri huimba wimbo wa njiani, hupiga hatua chache, kisha hutangaza kuwa amefika. Katika opera ya Peking mwigizaji huzunguka jukwaa kwa duara na mamia ya maili yamekwisha. Akiwa na mjeledi mkononi, amepanda farasi.

Lakini mfano ninaoupenda kupita yote ni onyesho la Kichina liitwalo Qiu Jiang. Mtawa kijana anamkimbilia mzee mwenye mtumbwi ili amvushe mto, awahi kumfuata mpenzi wake. Mtumbwi haupo. Mto haupo. Kilichopo ni kasia moja mikononi mwa mzee. Msichana anapoingia, miili yao inapokea uzito: mmoja akishuka magotini, mwingine anainuka, kisha kinyume chake, mpaka mtikisiko utulie polepole. Siku zote wanatunza umbali uleule kati yao, kama vile kweli kuna ubao uliowaunganisha. Hakuna aliyetuonyesha maji, na bado tunaogopa asije akatumbukia. Mto umechorwa kwa magoti ya watu wawili.

Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani, alitaka safari ionekane kwa namna nyingine kabisa. Katika onyesho la Mother Courage la Berlin mwaka 1949, mama mfanyabiashara anaburuta mkokoteni wake kupitia vita vya miaka mingi huku jukwaa la duara likizunguka kinyume chake. Anavuta kwa nguvu zote, magurudumu yanazunguka, na yeye yuko palepale. Macho yanaona safari na kutokufika kwa pamoja.

Sasa mpaka. Hapa ndipo thieta ina nguvu ya pekee, kwa sababu mpaka wenyewe, hata nje ya jukwaa, mara nyingi hauonekani hadi mtu auheshimu au auvuke. Sophocles, mwandishi wa tamthilia wa Ugiriki ya kale, alilijua hilo. Katika tamthilia yake kuhusu uzee wa Oedipus, mfalme aliyepofuka na kufukuzwa kwao, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 401 K.K., kipofu huyo mkimbizi anafika karibu na Athens akiongozwa na binti yake, anaketi kupumzika. Mwenyeji wa kwanza kumwona anamwamuru aondoke hapo: ameketi kwenye ardhi ya miungu isiyoruhusiwa kukanyagwa. Baadaye wazee wa mahali hapo wanamwelekeza atoke, hatua kwa hatua, sogea, sogea tena, hapo basi. Mstari haujachorwa popote. Tunauona kwa mguu wa mzee anayepapasa.

Mpaka unaweza pia kutoshea mfukoni. Mwaka 1972, wanathieta wa Afrika Kusini Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona walionyesha Sizwe Banzi Is Dead mjini Cape Town. Sizwe ametoka King William's Town kutafuta kazi Port Elizabeth, na mhuri katika kijitabu chake cha pasi, kitambulisho ambacho sheria za ubaguzi wa rangi ziliwalazimisha Waafrika kukibeba, unamtaka arudi alikotoka. Jukwaani hapana uzio wala askari. Rafiki yake Buntu anabandua picha kutoka kijitabu kimoja na kuiweka katika kijitabu cha maiti waliyemkuta njiani, mwenye kibali halali. Vidole vinahangaika na gundi na karatasi, na hapo ndipo mtu anavuka mpaka, akiliacha jina lake upande wa pili.

Kani na Ntshona waliendelea kuuonyesha mchezo huo, na mwezi Oktoba 1976 walikamatwa baada ya kuucheza Transkei, eneo ambalo serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini ililitenga kwa ajili ya Waafrika. Mwezi huohuo, tarehe 26, Transkei ilitangazwa kuwa nchi huru, na Umoja wa Mataifa ukakataa kuitambua. Watu wawili waliokuwa wakionyesha jinsi mhuri unavyomfunga mtu waliwekwa kizuizini katika eneo ambalo mpaka wake kama dola hakuna nchi iliyoukubali, isipokuwa Afrika Kusini iliyouchora.