Umehamisha folda ya data, hifadhidata mpya inagoma

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na hapa Dodoma programu nyingi za uhasibu ninazozihudumia hufungua hifadhidata mpya siku hizo. Ndipo simu zinapoanza. Karibuni ilikuwa duka la jumla pale Majengo: diski C ilijaa, wakaielekeza SQL Server, programu ya Microsoft inayotunza hifadhidata hizo, ihifadhi zile mpya kwenye folda ya diski D. Hifadhidata za zamani zinafunguka vizuri, mpya inakataa. Ni kawaida, kwa sababu badiliko hilo halizihusu za zamani. Zenyewe zimebaki zilipokuwa.

Makosa huja mawili, 1802 na 5123. Achana na 1802, linasema tu kwamba imeshindikana. Soma 5123, utafute namba ya kosa la Windows iliyomo ndani yake. Ikiwa ni 3, njia (anwani ya folda) haipo: SQL Server haikuundii folda, au diski ya nje imerudi na herufi nyingine. Ukiona bado inataja njia ya zamani, huduma ya SQL Server haijawashwa upya. Thibitisha kwa amri ya SELECT SERVERPROPERTY('InstanceDefaultDataPath'), inayofanya kazi kwenye toleo la 2012 na kuendelea.

Ikiwa ni 5, ni ruhusa, na hapa ndipo watu wanapotea. Wanajipa ruhusa wao wenyewe, kwa vile wao ndio wasimamizi wa mashine. Lakini anayeandika faili si wewe, ni akaunti inayoendesha huduma. Kwa kawaida ni NT SERVICE\MSSQLSERVER, au NT SERVICE\MSSQL$SQLEXPRESS kwa Express, toleo la bure. Ukiitafuta kwenye orodha huioni; iandike jina zima, na mahali pa kutafutia pawe kompyuta yenyewe, si domeni (mtandao wa akaunti) ya ofisi. Ipe ruhusa kamili kwenye folda hiyo tu.

Tafadhali, usifungue folda kwa Everyone, yaani kila mtumiaji, ili mambo yaishe haraka. Nimekuta hivyo kwenye chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa zabibu: yeyote aliyeingia kwenye seva angeweza kuichafua folda yenye akiba za watu, au kunakili nakala rudufu (backup) zilizowekwa humo. Jasho la watu halilindwi hivyo.

Data na logi (faili la kumbukumbu za miamala) zina mipangilio miwili tofauti, kwa hiyo kagua folda zote mbili. Kisha jaribu CREATE DATABASE jaribio. Ikikubali, ifute kwa DROP DATABASE jaribio, umwite mhasibu aendelee.